Mume Wangu Hakuwa na Jeraha

Sipendi daktari anayefumba macho. Anayesema sana namwelewa, anabahatisha kama sisi wengine. Lakini anayekiweka kidude chake kifuani mwa mtu, akafumba macho, akakisogeza kidogo, akafumba tena, huyo ameshasikia jambo. Ndivyo alivyofanya yule daktari kijana wa Kihindi katika hospitali ya mjini, siku niliyompeleka mwanangu. Naye mwanangu si mtoto tena, ana mvi kidevuni na mabinti wa kuoza. Alianguka Kibiti na gunia la mpunga begani, wakamletea maji ya uso, akaamka. Mie nilikuwa nimekaa kwenye benchi, kikapu magotini, namtazama daktari usoni.

"Mama," akasema alipofumbua macho, na Kiswahili chake kilikuwa safi, cha mzaliwa wa Dar es Salaam, "baba yake huyu alikufa na nini?"

"Alikufa vitani. Vita vya Maji Maji."

"Alipigwa risasi?"

Mwanangu hakuningoja. Alijiinua kwa viwiko pale kitandani, pumzi zenyewe hana, akasema, "Baba yangu risasi haikumgusa, daktari. Risasi ilimwogopa. Nenda Mohoro kaulize."

Maneno hayo nimeyasikia tangu huyo anayeyasema yumo tumboni mwangu.

Daktari akavuta kiti, akakunja ngumi akatuonyesha. Moyo, alisema, ni nyama yenye kazi moja tu, kusukuma damu, na una milango ya kuipitisha damu upande mmoja isirudi nyuma. Mlango ule wa damu kutokea kwenda mwilini, wa mwanangu umekakamaa. Haufunguki wote, umebaki upenyo. Moyo unalazimika kusukuma kwa nguvu ili damu ipenye, na kwa kusukuma hivyo miaka nenda miaka rudi, ukuta wake umenenepa kama mkono wa mwanamke anayetwanga kila siku. Na nyama nene inataka kula zaidi.

"Sasa moyo wenyewe unakula wapi?" akaniuliza.

"Si umejaa damu huo?"

"Hapana, mama. Damu inayopita ndani haiulishi. Moyo una vijishipa vyake viwili, vinaanzia nje kidogo ya ule mlango, hapa." Akagusa juu ya ngumi yake. "Damu lazima itoke kwanza, ndipo fungu dogo lirudi kuulisha moyo, tena zaidi pale unapotulia kati ya pigo na pigo. Mlango ukiwa mwembamba, ndani kunabana na nje msukumo hautoshi, vijishipa vinapata haba. Mtu akikaa tu, hiyo haba inamtosha. Akikimbia au akibeba mzigo, moyo unakwenda mbio, nafasi ya kutulia haipo, na hapo ndipo unapotaka chakula kingi kuliko siku zote. Unashikwa na njaa. Kifua kinabana. Kichwa nacho kinakosa damu, mtu anaanguka. Siku moja haamki."

"Basi moyo ni mimi jikoni," nikamwambia. "Nimepika, nimepakua, wamekula wote, mie nangojea ukoko. Na siku ya wageni wengi hata huo ukoko haupo."

Daktari akacheka, akasema ndiyo hasa. Mie sikucheka. Nilikuwa nimeshaiona akilini ngazi ya dungu letu la zamani kule mpungani, na mtu amesimama katikati yake, mkono kifuani.

"Watu wengine huzaliwa nao ugonjwa huu," akaongeza. "Na pengine baba humwachia mtoto."

"Dawa yake?"

"Ya kuufungua mlango huo sina, mama. Nisikudanganye. Kutulia tu. Magunia basi. Akirudi kwenye magunia, ataanguka tena." Akainuka, akanigusa bega. "Zungumza naye wewe. Mimi hanisikii."

Kweli hakumsikia. Daktari hajafika kitanda cha pili, mwanangu ameshateremsha miguu anatafuta makubadhi yake chini ya kitanda.

"Unakwenda wapi?"

"Kibiti. Kesho lori linapakia."

"Weye hukusikia aliyosema daktari?"

"Nimesikia. Mlango, mlango. Mama, mie mtoto wa nani? Baba alizishinda risasi za Mdachi, mie nishindwe na mlango?"

Ala! Nilitamani kumzaba kibao, mtu mzima na mvi zake. Niliogopa, na mie nikiogopa huwa mkali. Mauti yale yale niliyoyaona nikiwa kijana yalikuwa yanakuja kwa njia ile ile, yamevikwa sifa, na yule anayeitwa anatafuta makubadhi ayakimbilie. Nikamshika mkono nikamwambia, kaa. Kaa nikwambie baba yako alikufaje, na safari hii usinikate kauli ukaenda kuwauliza wanaume.

Maana si mara ya kwanza. Hili nimelisema tangu siku lilipotokea, nikaitwa mwendawazimu, kisha nikaitwa mjane mwenye uchungu, kisha nikaitwa bibi. Jina tu lilibadilika, kuniamini hawakuniamini.

Mume wangu alikuwa mtu wa Maparoni, kule visiwani mto unakogawanyika kuingia baharini, ukoo wa wakata mikoko. Kwao mtoto wa kiume hupimwa kwa boriti: aibebe begani kutoka msituni hadi chomboni, tope magotini, asiitue njiani. Yeye aliitua. Alikuwa na mwili mzuri, mabega haya hapa, na aliitua. Ndugu zake wakamwita goigoi. Baba yake alifika kusema mbele za watu kwamba huyu chakula chake kinakwenda bure. Ndipo akahamia kwetu Mbwara, mpungani, akanioa mimi, na watu wa kwetu nao wakauliza mwanamume wa visiwani anakimbia nini kule kwao.

Nilikijua anachokimbia tulipoanza kukaa dunguni. Dungu ni kijumba cha juu ya miti mirefu, katikati ya mpunga; msimu wa ndege na nguruwe familia nzima huhamia huko, na kupanda ni kwa ngazi. Mie nilikuwa napanda na mtungi kichwani. Mume wangu alipanda vipago vichache, akasimama. Uso ukawa wa majivu, jasho likamtoka, jasho baridi la kulowanisha shuka, na mkono akaubandika katikati ya kifua.

"Nini?"

"Kitu kimekaa hapa. Kizito. Kitaondoka sasa hivi."

Nami, shetani wa utani, nikamwambia, "Mume gani huyu anapumzika ngazini kama mja mzito? Hebu nijulishe mapema nitafute mkunga!" Akacheka huku amefumba macho. Alikuwa hakasiriki yule. Nilimpenda kwa hilo, na nilimpenda kwa mengine ambayo sitayasema mbele ya mtoto wake.

Adhuhuri moja tumejilaza tunangoja jua lipungue, nikaweka sikio kifuani pake. Moyo wa mtu unaujua, du, du. Wake haukuwa hivyo. Wake ulikuwa du, khrr, du, khrr, kama mtu anayekuna nazi ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Nikashtuka nikainua kichwa. Akaniuliza kuna nini, nikamwambia una mtu ndani anakuna nazi. Akasema mwambie apike na wali basi, njaa inauma. Tukacheka tena. Lakini toka siku ile nikaacha kumtania ngazini, na mtungi na kuni na kapu la mpunga nikapandisha mwenyewe.

Kisha ikaja pamba. Mdachi alitaka kila jumbe awe na shamba la pamba, na kila mwanamume akalime huko siku za zamu, mpunga wake ukiliwa na ndege. Jua lile, jembe lile, na mnyapara nyuma yako. Mume wangu alianguka shambani. Akainuka, akaanguka tena. Mnyapara akasema hawa wa visiwani wavivu wana hila, akaamuru alazwe achapwe kiboko. Alichapwa huku hata pumzi ya kulia hana. Walimleta nyumbani wanamkokota, mgongo umechanika, nami namkanda kwa maji ya moto na chumvi. Hakulia. Alisema tu, "Kwetu goigoi, hapa goigoi. Sasa niende wapi?"

Neno hilo ndilo lililomuua, mie nasema. Mlango ulikuwa mbovu, sawa, nimeelezwa sasa. Lakini mtu mwenye mlango mbovu angeweza kukaa kitako akalea watoto. Aliyemnyanyua akimbie ni yule mnyapara na baba yake mzazi.

Miezi ile watu walikuwa wananong'ona. Kuna maji kule Ngarambe. Kuna mganga, na pepo anayempanda mganga yule ni mwenye bwawa, mkubwa wa maji yote. Ukinywa, ukinyunyiziwa, risasi ya Mdachi ikikufikia inageuka maji, inakutiririka tu. Watu wakawa wanakwenda makundi kwa makundi, wengine wanasema wanakwenda kutafuta dawa ya ngedere wa mashambani, na askari wanawaacha wapite. Mashamba yakabaki. Nakumbuka asubuhi moja nimesimama dunguni, ndege wametua juu ya mpunga uliokwisha kuiva, wengi hadi mpunga umeinama, na hakuna mtu hata mmoja, bondeni kote, aliyepiga kelele kuwafukuza. Mkulima asiyewafukuza ndege ameshakata shauri la kutokula mpunga ule.

Nilikuwa na kaka yangu mkubwa, tumbo moja, yeye ndiye aliyenilea. Alikuwa amesoma chuoni, Kurani anaihifadhi vipande vipande, na mbishi kuliko mie. Walipomwendea na habari za Ngarambe akawaambia, "Maji mie nayajua ya kutawadhia na ya kunywa. Hayo ya tatu mtaniwia radhi." Wakamwona mwoga. Hakujali. Mie nilijisikia salama kwamba katika nyumba yetu yuko mmoja mwenye akili.

Mume wangu akaenda. Nami nikamfuata, maana wanawake nao walikwenda, na nilikuwa na mimba changa ambayo sijamwambia mtu. Njia inapanda vilima. Kwenye mpando wa mwisho, mbele ya umati uliokuwa unangoja, mume wangu akasimama, mkono kifuani, akaanguka kama gogo. Macho yalipinduka. Shuka likalowa chapachapa. Nikapiga kelele, nikamkimbilia, nikaanza kumpepea kwa kanga, na mtu mmoja akanivuta nyuma kwa nguvu.

"Mwache! Usimguse! Ameshikwa!"

Alikuwa mpokeaji wageni, mtu wa mganga. Akapiga magoti, akapitisha kiganja kwenye kifua kile kilicholowa, akakiinua watu wote waone. "Tazameni! Hajanywa bado, na maji yameshamtoka. Mwenye bwawa amemchagua huyu mwenyewe."

Unaona kosa lile? Kwetu watu wa mto, anayeanguka ghafla akazinduka mwenyewe ameshikwa na wa majini, jambo hilo hata mie nililelewa nalo. Na jasho la mgonjwa likawa ushahidi. "Ni kifua chake!" nikasema. "Anaanguka hata ngazini! Anaanguka hata shambani!" Nikadhani nimemtetea. Kumbe nimemmaliza. Yule mtu akanigeukia uso umemchanua, akasema, "Mmesikia? Tangu zamani mwenye bwawa alikuwa anamshika. Mke wake mwenyewe anashuhudia."

Alipofumbua macho, mume wangu aliwakuta wanaume wazima wameinama mbele yake. Mmoja anamfuta miguu. Mwingine, yule yule aliyekuwa akimcheka shambani, amemshikia maji ya kunywa. Nikauona uso wake, na hapo nikajua nimeshampoteza.

Njia nzima ya kurudi nilimsihi. Nilimwambia ile nazi inayokunwa humo ndani naisikia mie, si mganga. Nilimwambia nina mimba yako. Akasimama, akafurahi, akanishika shavu. Kisha akasema, "Mke wangu, tangu nizaliwe leo ndiyo mara ya kwanza wanaume kunipisha njia. Unataka nikawaambie mimi mgonjwa?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini nitamlaumuje? Angekuwa ni weye, goigoi wa kwenu na goigoi wa ugenini, ungewaambia?

Watu wa mganga wakampa bua la mtama alishike badala ya bunduki, wakamwambia atatangulia. Na masharti: asilale na mke, na akishaondoka kwenda vitani asitazame nyuma, anayetazama nyuma anaiharibu dawa kwa wote. Wanaume walikwenda usiku wakang'oa ile pamba yote, mizizi juu. Hapo hakukuwa na kurudi. Wakaja askari, wachache, kwa mtumbwi, wakapiga kambi kwenye banda la pamba ukingoni mwa mto.

Wanawake tuliambiwa tukae madunguni. Mie nilikuwa juu ya letu, na mwenye macho haambiwi tazama. Nililiona banda, nikawaona askari watatu au wanne wanaota jua la asubuhi, na huku nikayaona matete yanatikisika bila upepo. Kisha wakatoka. "Maji! Maji!" Bonde zima likaitika. Mbele yao wote alikuwa mume wangu na bua lake, anakimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alikimbia vizuri, miguu mirefu, kama mtu aliyekuwa anajiwekea mbio hizo maisha yake yote.

"Bwana!" nikaita. "Bwana, rudi! Rudi mume wangu!"

Nina sauti mie, ya kufukuzia ndege. Alinisikia. Najua alinisikia, maana bega moja lilianza kugeuka, kisha likajirudi. Sharti lilikuwa asitazame nyuma.

Hatua chache baadaye mkono ukaenda kifuani. Akaanguka. Na nisikilize vizuri hapa: alianguka kwanza. Bunduki ilikuwa haijalia. Askari walikuwa ndio kwanza wanainuka wanababaika. Bunduki ililia baadaye, mara moja, mbili, juu juu, kisha wale askari wakaona wingi wa watu wakakimbilia mtumbwi wao wakavuka.

Bonde likalipuka kwa furaha. Askari wa Mdachi wamekimbia! Nilipofika chini na kuvuka tope, walikuwa wameshamzunguka. Alikuwa amekufa. Shuka lilikuwa limelowa, jasho lile lile baridi, linachuruzika. Na mtu mmoja analikamua, anapiga kelele, machozi yanamtoka, "Risasi hizi! Tazameni! Zimemgonga zikawa maji! Zote amezipokea yeye!"

"Hakupigwa!" nikasema. "Alianguka kabla! Nimeona!"

"Hakupigwa, kweli," wakaitikia. "Hata mke wake anasema."

Wallahi, nililia kwa hasira kabla ya kulia kwa msiba. Kila nililolisema walilipokea wakaligeuza upande wao. Nikauliza basi kwa nini amekufa? Wakasema ameitwa, mwenye bwawa amemchukua wake, mwili ameuacha mzima ili sisi tuone.

Tulimwosha mie na kaka yangu. Mke anaruhusiwa kumwosha mumewe, na kaka alitaka amheshimu shemeji yake kwa mkono wake. Yeye anamwaga maji kwa kata, mie naosha. Alipofika kifuani kata ikasimama. Akaliinua bega, akatazama chini yake. Akatazama ubavu huu, ubavu ule. Akatafuta ndani ya nywele kwa vidole. Akampindua akatazama mgongo, na mgongoni palikuwa na makovu ya kiboko tu.

"Dada," akasema polepole, "hana."

"Hana nini?"

"Hana tundu. Nilidhani wanaongopa. Nilikuja nione tundu niwaonyeshe watu wakome." Akatazama ubavu tena. "Hana hata mchubuko."

"Kaka, ni kifua chake! Weye unakijua! Umemwona ngazini kwa macho yako!"

"Nimemwona," akasema. "Na nimewaona askari wakikimbia. Mie niliyesoma nimekaa nyumbani, na mgonjwa ndiye aliyewakimbiza." Akamalizia kumwaga maji kwa adabu, hadi tone la mwisho, akanisaidia kumvisha sanda. Kisha akanawa mikono, akatoka. Nilimfuata hadi uani nikamshika kanzu. Nikamwambia wewe ndiye baba yangu, wewe ndiye akili ya nyumba hii. Akaitoa mikono yangu taratibu, kidole kimoja kimoja, kama alivyokuwa akinitoa mgongoni nilipokuwa mdogo.

Hakuwa yeye peke yake. Wote waliokuwa wakisitasita walikuja kuutazama mwili ule, wakaondoka wameamini. Waliomkataa mganga na waliowakataa wazee hawakuweza kuikataa maiti isiyo na jeraha. Walikunywa maji yale jioni ile ile, na kaka yangu pamoja nao.

Askari waliporudi hawakuwa watatu au wanne. Walirudi na bombom, ile bunduki inayotapika bila kupumzika, wakaiweka pale pale ukingoni. Wanaume wa kijiji walitoka matetini kifua wazi, wanakwenda kwa miguu, hawainami, hawajifichi. Kwa nini wajifiche? Walimwona mume wangu. Mie sikupanda dunguni siku hiyo. Nilikaa ndani na pamba masikioni, pamba ile ile ya Mdachi, na bado nikasikia.

Nilipofika hapo, pale hospitalini, mwanangu alikuwa hajanikatiza hata mara moja. Kubadhi moja alikuwa amelivaa, jingine ameshika mkononi.

"Na mjomba?" akaniuliza.

"Mjomba wako nilimwosha peke yangu. Mwanamume wa kunimwagia maji hakubaki." Nikapumua kwanza. "Yeye matundu yake sikuyatafuta, mwanangu."

Mwanangu alitazama mikono yake, mikono mikubwa ya magunia, ya baba yake hasa.

"Kwa hiyo baba alikuwa mgonjwa tu," akasema.

"Alikuwa mgonjwa tu. Kama weye. Nami nilimpenda hivyo hivyo alivyo, amesimama katikati ya ngazi, na sikupata mtu hata mmoja wa kuniunga mkono kumwambia akae."

Akaanza kulia, mzee yule, kwa sauti, kama mtoto aliyeletewa leo habari za msiba wa baba yake. Nikamlaza, nikaweka sikio langu kifuani pake nimtulize. Humo ndani alikuwemo mtu anakuna nazi, kwa haraka na kwa taabu, amejifungia mlango. Nikamvua lile kubadhi moja, nikayatia yote mawili kikapuni mwangu, nikakikalia.